Sura ya Sita: Kifuko cha Rangi ya Damu ya Mzee

Sajenti alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi anakula biskuti, meno yote nje, na hakuwa na habari kwamba makombo yalikuwa yanamwagikia vifungo vya sare.

"Afande, tumempata," alisema kabla Inspekta hajavua miwani ya jua. "Suti mwenyewe. Kalala kitanda cha dirishani, shuka safi, chai mezani. Wewe na mimi hatujawahi kulazwa vizuri hivyo."

Inspekta alivua miwani, akaikunja. Pale kituoni walimwita Mama Kwanini, mbele yake na nyuma yake, na yeye alikuwa ameacha kukasirika siku nyingi. Tangu mvua zilipokatika alikuwa anamfukuzia mchomoaji mmoja wa pale sokoni waliyembatiza Suti, mtu ambaye walioibiwa walikumbuka mambo mawili tu juu yake: suti ya kijivu na neno "samahani". Alikugusa bega, akakuomba radhi kwa adabu zote, na wembe wake ulikuwa tayari umepita chini ya mfuko wako wa ndani. Pochi ilimdondokea kiganjani, na wewe ukabaki unamsifu kwa malezi mema.

"Kakamatwaje?"

"Hakukamatwa, afande. Kagongwa na godoro."

Ilibidi mwenye godoro aitwe kutoka kwenye benchi la korido, ambako alikuwa anangoja kwa hofu, godoro lake limeegemea ukuta. Alikuwa mwendesha baiskeli wa kubeba mizigo.

"Si baiskeli iliyomgonga, mama," alisema mara moja. "Baiskeli yangu haijamgusa mtu. Ni godoro. Upepo ulilikamata, likageuka, likampiga mzee mgongoni, akaenda kichwa mbele mpaka kwenye ukingo wa barabara. Watu wakajaa hapohapo. Mimi nilikaa, sikukimbia. Andika hapo kwamba sikukimbia."

"Watu waliojaa, kuna aliyemshika?"

"Wengi. Wengine walimwinua, wengine walimpepea. Kila mtu alikuwa daktari."

Inspekta alimwambia aende zake na alifunge godoro kwa kamba mbili. Kisha akamfuata Sajenti hadi kitanda cha dirishani.

Mgonjwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, bandeji kichwani, amelalia koti la kijivu lililokunjwa badala ya mto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Wa kulia ulikuwa juu ya shuka, na vidole vilikuwa haviachi kucheza. Alimtazama Inspekta, akatabasamu kwa adabu.

"Wananingoja," alisema.

"Akina nani, mzee?"

Alifikiri sana. Tabasamu likamtoka. "Wananingoja," akarudia, na safari hii macho yalimjaa machozi.

"Genge lake," Sajenti alinong'ona. "Toka asubuhi wimbo ni huohuo."

Nesi, mwanamke mwepesi wa miguu na wa ulimi, alikuwa anabadilisha foronya kitanda cha pili. "Kichwa kimetikisika," alisema. "Daktari anasema kumbukumbu zitarudi, labda leo, labda kesho. Akiona kitu anachokizoea, au mtu, zitarudi upesi. Akiona pingu, sijui zitarudi kufanya nini."

"Pingu ni amri ya mkuu," Sajenti alisema. "Hana kitambulisho, hana simu, hana jina. Ana suti ya kijivu. Na mfuko wa suruali ulikuwa na kifuko cha mwanamke. Mkuu kasema kama hana jina mpaka saa nane mchana, anahamia mahabusu na kitanda chake. Na waandishi wa habari washaambiwa."

Ilikuwa saa nne na ushei.

"Kifuko kiko wapi?" Inspekta aliuliza.

Sajenti alikitoa kwa fahari ya mtu anayetoa zawadi. Kilikuwa kifuko kidogo cha kitambaa kizito, rangi ya damu ya mzee, kimeshonwa kwa mashine na kufungwa kwa kamba. Inspekta alivuta meza ya dawa, akapanga juu yake vilivyokuwa ndani, kimoja kimoja: rozari ya mbao, msalaba wa bati uliolika kingo kwa kushikwashikwa, medali ya Mama Maria, kichupa cha mafuta ya baraka, Agano Jipya dogo la kuenea kiganjani, kipande cha mshumaa.

"Umejuaje ni cha mwanamke?"

"Kinanukia poda, afande. Nusa."

Ni kweli kilinukia poda. Sajenti hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilimfikisha mahali kabla ya akili yake.

"Kwa nini mwizi aibe kitu hiki?"

"Gizani kwenye mkoba unajua umeshika nini? Alidhani ni pochi."

"Na kwa nini akibakize baada ya kukifungua? Suti hutupa mikoba mitupu mtaroni. Tumeokota mingapi?"

Sajenti alitafuna biskuti kwa muda. "Labda aliogopa. Ni vitu vitakatifu. Hata mimi..."

"Hata wewe nini?"

Alivua kofia shingo upande. Ndani, kwenye utepe wa jasho, kulikuwa na medali ndogo iliyobandikwa kwa pini.

"Ya mama yangu," alisema.

"Alikupa, au ulimchomolea?"

Nesi alicheka mpaka akaangusha foronya. Sajenti akarudisha kofia kichwani haraka.

"Watu wengi hawatoki nyumbani bila vitu hivi," nesi alisema. "Juzi tulilaza mama mmoja, maji yake ya baraka kayatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nusura nimnyweshe kijiko kimoja kutwa mara tatu."

Inspekta alikuwa ameinamia meza. Punje moja ya rozari haikuwa punje. Ilikuwa kifungo kidogo kilichovikwa kitambaa kilekile cha kifuko. Shingo ya kichupa ilikuwa imezungushiwa uzi wa cherehani, mizunguko mingi iliyobana, ili mafuta yasivuje. Kingo za Agano Jipya zilikuwa na vumbi la buluu, na kwenye jalada la nyuma kulikuwa na pini mbili zilizochomekwa. Kisha akashika mshumaa, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni ulikuwa na mikato myembamba, mingi, iliyopishana.

"Panya," Sajenti alisema.

"Panya gani ana jino jembamba hivi? Huu umekatwa na uzi." Alifungua mzunguko mmoja wa uzi wa kichupa, akaupitisha juu ya nta, akauvuta. Ukaacha mkato mmoja zaidi, sawa na wenzake. "Uzi ukipakwa nta unakuwa mgumu, haukatiki upesi. Mama yangu mdogo alifanya hivi akishona vifungo vya makoti. Mwenye mshumaa huu ni fundi cherehani, na anashona nguo nzito. Buluu hii ni chaki ya kukatia."

"Basi tumempata mwenye mali. Bado mwizi ni mwizi."

"Labda." Inspekta alikuwa sasa anautazama mkono wa kulia wa mgonjwa, ule usio na pingu. "Na hivi vidole, Sajenti, unaona nini?"

"Mazoezi, afande. Mchomoaji hata akilala vidole havilali."

Mkono ulishuka, ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukapanda. Ukashuka, kushoto, kulia, ukapanda. Halafu ukatulia hewani kidogo, kidole kimoja kimeinuliwa kumwonya mtu asiyeonekana, na ukaanza tena.

"Hakuna mfuko duniani unaochomolewa hivyo," Inspekta alisema. "Usimhamishe mpaka nirudi."

*

Mtaa wa mafundi cherehani ulianzia nyuma ya soko, vibanda vya mbao vimebanana pande zote mbili, na mlio wa mashine ulikusindikiza toka mwanzo hadi mwisho. Inspekta aliingia kibanda cha kwanza chenye makoti. Fundi wa makoti, mwanamume aliyevaa futi ya kupimia shingoni, aliugusa ule mshono wa kifuko kabla hata hajajibu salamu.

"Kitambaa hiki najua kilikokwenda. Walikinunua watu wa chuo, majoho ya mahafali. Nenda chuoni."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama. Chuo kingemchukua mpaka jioni, na saa nane haikuwa mbali. "Majoho ya mahafali yana vifungo?"

"Vifungo vya nini? Lile linavaliwa kichwani, tia shingo, kwisha."

"Na hiki kitambaa kimetumika kuvika vifungo." Alimwonyesha ile punje.

Fundi alitazama, akajipiga paji la uso. "Aa! Hivyo vya Mama Pindo. Vifungo vya kuvika nani mwingine ana subira navyo? Yeye ndiye anashonea makwaya. Kibanda cha mwisho, kona. Lakini leo usimguse, dada. Leo hata sisi majirani tunamsalimia kwa mbali."

Aligundua sababu alipofika. Mama Pindo alikuwa mwanamke mnene wa kiasi, pini nne mdomoni, na mbele yake, juu ya meza nzima na viti viwili, lilikuwa limetandazwa vazi jeupe la kipadre lenye misalaba ya dhahabu. Alikuwa anashona upindo kwa mkono na mguu wake ulikuwa unapiga sakafu kwa furaha. Ukutani yalining'inia majoho ya kwaya, rangi ya damu ya mzee.

"Sipokei kazi," alisema katikati ya pini. "Mwanangu anapewa upadre leo saa nane. Nimezaa mtoto, nimemnyonyesha, nimemsomesha, halafu jana anavaa kasula namwona anaikanyaga. Sitaki akanyage nguo mbele ya askofu. Karibu ukae, lakini kazi sipokei."

"Hongera, mama," Inspekta alisema, na alimaanisha. "Mimi ni askari. Umeibiwa kitu leo?"

"Mimi? Nani aniibie, na leo?"

Inspekta aliketi kwenye kigoda, akaweka kifuko juu ya cherehani, mbali na lile vazi jeupe. "Hiki si chako?"

Mama Pindo alitema pini zote kwenye kiganja. Alikitazama kifuko, akacheka. "Kinafanana, lakini changu ninacho. Nakibeba kila siku, mwaka hadi mwaka. Wewe si unabeba pingu? Hujui leo utamkuta nani. Na mimi sijui leo nitaitwa wapi. Pengine nikute mgonjwa njiani anataka kuombewa, pengine niitwe mimi mwenyewe juu kwa Mungu. Nikiitwa nataka nikutwe na vitu vyangu, nisianze kuvitafuta chini ya kitanda." Aliingiza mkono kifuani akatoa kifuko kingine, ndugu pacha wa kile cha kwanza. "Si hiki hapa?"

Alikitupa kando ya kile cha kwanza. Kililia. Kifuko cha mafuta na mshumaa hakilii namna ile.

Mama Pindo aliacha kucheka. Alifungua kamba polepole. Ikatoka rozari ya chuma, msalaba mweusi, na kifilimbi kidogo cha bati, cha aina ambayo walimu wa kwaya hupuliza kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia.

"Hiki cha mume wangu," alisema.

"Mwalimu wa kwaya?"

"Umejuaje?"

"Leo asubuhi alitoka na suti ya kijivu?"

Mwanamke alikaa juu ya kiti bila kukiangalia kama kipo. "Yu hai?"

"Yu hai, mama. Kaanguka akagonga kichwa. Hakumbuki jina lake, lakini tangu asubuhi anaongoza kwaya juu ya shuka za hospitali, na nadhani sauti ya pili inamsumbua."

Mama Pindo alilia, akacheka, akalia tena, yote kwa pumzi moja. Kisha akakata uzi wa mwisho wa upindo, akaanza kukunja kasula.

"Simu yake nimeikuta imezimwa, nikasema yuko mazoezini, huwa anazima. Nisiwe na wasiwasi kabisa! Mungu wangu, nimekaa hapa naimba!"

"Vifuko vimebadilishana vipi?"

"Msumari," alisema, huku akitafuta kiatu chake kingine chini ya mashine. "Kila mtu ana msumari wake pale mlangoni, wangu kushoto, wake kulia. Kila asubuhi kabla hatujatoka tunasimama mlangoni tunasali, tumefumba macho, na amina yetu ni kunyoosha mkono kuchukua kifuko. Hatufumbui mpaka kiwe mwilini. Ndivyo tulivyofanya toka tuoane. Jana usiku nikatundika kasula kwenye msumari wangu isikunjike. Vifuko vyote viwili nikavitia msumari mmoja. Nilisahau kumwambia, na mimi mwenyewe nikasahau, kila mtu akachukua kilichomgusa mkono. Twende, dada, hivi bado umekaa?"

*

Saa sita na nusu walikuwa wodini. Sajenti alisimama wima. Alikuwa amepangusa makombo, na mkuu alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

Mzee aliwatazama wote wawili kwa adabu ileile. "Karibuni," alisema. Mkewe alisimama miguuni mwa kitanda, akasubiri. Hakuna kilichotokea. Mzee alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea chumba, na Inspekta aliona mgongo wa yule mama ukishuka kidogo.

"Shikamoo, mzee," Mama Pindo alisema kwa sauti kavu. "Tangu lini ukaniambia karibu bila kunipa kiti?"

Mzee alitabasamu tu. Basi yule mama alifungua kifuko, akatoa kifilimbi, akakipuliza. Sauti nyembamba ilikwenda mpaka mwisho wa wodi, na wagonjwa wote wakageuka.

Mkono wa kulia ulisimama hewani. Mzee alikunja uso.

"Sivyo," alisema. "Umepuliza so. Nipe do."

"Mimi sijui do iko wapi, kazi yangu majoho."

"Miaka yote hii hujui do iko wapi, mke wangu? Na hiyo pini begani ni ya nini, utajichoma." Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akamtazama mkewe, akaitazama bandeji kwenye kioo cha dirisha, akaitazama pingu. "Saa ngapi? Mtoto! Mtoto anapewa upadre leo! Wananingoja!"

Akataja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, la kwaya na la kanisa, kwa sauti ya mtu anayeita gari lisimwache. Nesi alipiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakujua hata kisa, naye akapiga.

"Jina limepatikana," Sajenti alisema, "lakini afande, suti..."

"Mama, nipe hilo koti," Inspekta alisema.

Tangu asubuhi hakuna aliyeweza kulichukua bila mzee kulishikilia. Sajenti alikuwa amelipapasa tu likiwa chini ya kichwa. Sasa mzee alijiinua mwenyewe. Inspekta alilikunjua, akaingiza mkono mfuko wa ndani, na vidole vyake vikatokea chini, kwenye hewa. Bitana ilikuwa imepasuliwa, mstari mmoja ulionyooka.

"Nani kaichana bitana yangu?" Mama Pindo alifoka.

"Suti," Inspekta alisema. "Huyu si mwizi, Sajenti, huyu ni aliyeibiwa. Alipoanguka watu walijaa, na mmoja wao hakuja kumpepea. Kachukua pochi, kachukua simu. Mzee, kuna aliyekwambia samahani?"

"Alikuwapo!" mzee alisema. "Kijana mstaarabu kweli. Ana kovu kwenye kidole gumba. Nilimwombea."

Inspekta aliandika kovu lile kwa furaha aliyoificha vibaya. Hakuna aliyeibiwa aliyewahi kumpa zaidi ya suti na samahani. Sajenti alikuwa tayari anahangaika na ufunguo wa pingu, na kwa aibu aliuingiza kinyume mara mbili. Pingu ilipofunguka mzee alisugua kifundo cha mkono, kisha akainua mikono yote miwili kuijaribu, na Sajenti akarudi nyuma, maana ilionekana ataambiwa aimbe.

Daktari aliruhusu kwa masharti: kiti cha magurudumu, nesi awe naye, na mara baada ya misa arudi kitandani. Nesi alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea, na kasula iliyokunjwa iko mikononi mwake.

"Baraka ya kwanza ya padre mpya ni ya wazazi," Mama Pindo alimweleza Inspekta, huku akishona bitana kwa haraka, koti likiwa mgongoni mwa mumewe. "Angefika pale atazame, kiti cha baba yake kitupu. Ungenirudishia maisha yangu yote, dada, nisingefurahi hivi."

"Gari la polisi liko chini," Inspekta alisema. "Sajenti atasukuma kiti, na atapiga king'ora."

"Mkuu je?" Sajenti aliuliza.

"Mkuu nitamweleza mimi. Atauliza kwa nini, na mimi nina majibu."

Mlangoni mwa wodi mzee alisema, "Ngoja," na kiti kikasimama. Mkewe aliviweka vifuko vyote viwili juu ya mpini wa mlango, kamba kwa kamba. Wakafumba macho. Sala yao ilikuwa fupi na ya chinichini. Inspekta alisikia mtoto akitajwa, na mwenye godoro, na yule kijana mwenye kovu, na askari. Sajenti alikuwa amevua kofia na ameishika kifuani, medali kwa nje. Wakasema amina, wakanyoosha mikono.

Mzee alishika kifuko kisicholia, kile cha poda na mshumaa. Inspekta alifungua mdomo kumwambia. Hapo akaona kwamba Mama Pindo amefumbua jicho moja. Amekiona kifuko mkononi mwa mumewe, amekijua ni cha nani, na amelifumba tena. Alichukua kile chenye kifilimbi, akakitia kifuani, na kikalia kidogo alipokuwa anakisukuma chini.

"Tayari?" mzee aliuliza.

"Tayari," mkewe alisema.

Inspekta alifunga mdomo, akawafungulia lifti.